Makumbusho hayakuanzia Ulaya

Wengi tumekua tukiamini kwamba makumbusho yalianzia Ulaya, karne chache tu zilizopita. Lakini mwaka 1925, katika magofu ya Uru, kusini mwa Iraki ya leo, wachimbaji walikuta chumba cha karne ya 6 KK chenye vitu vya zama tofauti, vingine vikiwa tayari na zaidi ya miaka 1,000 wakati ule. Pamoja navyo kulikuwa na kipande cha udongo uliochomwa, umbo la ngoma ndogo, kikieleza kuwa maandishi yake yamenakiliwa kutoka matofali ya kale ili watazamaji wastaajabu. Kwangu hilo linagusa sana: mtu alimwandikia mgeni maelezo. Wapo wataalamu wanaosita kukiita chumba hicho makumbusho, kwa hiyo ukikutana na dai la “ya kwanza duniani”, uliza neno limetumika kwa maana gani, kisha tafuta ripoti ya uchimbaji.