Kinga ya Kuazima: Maswali ya Akina Mama wa Nairobi Kuhusu Mtoto Mchanga

Maswali haya huulizwa sana kwenye foleni za kliniki ya mama na mtoto, kuanzia Kayole hadi Kawangware. Yanaanza mtoto akiwa bado tumboni.

Mtoto amerithi nusu ya maumbile yake kwa baba. Mbona mwili wangu haumkatai kama mgeni?

Swali hili limewakuna vichwa wataalamu wakubwa. Mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar aliliuliza mwaka 1953, na utafiti bado unaendelea. Mlinzi mkuu wa mtoto ni kondo la nyuma. Damu ya mama na ya mtoto hupita jirani pale bila kuchanganyika, na seli za nje za kondo hazionyeshi zile alama za kawaida ambazo kinga hutumia kumtambua mgeni. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba baadhi ya seli za kinga kwenye ukuta wa mji wa mimba huwa wasaidizi: huwezesha mishipa ya damu ya mama kupanuka ili mtoto apate chakula na oksijeni.

Kwa hiyo kinga ya mjamzito haizimwi, ila hubadilika, na magonjwa kama mafua makali na malaria humlemea kuliko wanawake wengine. Ukitoka Nairobi kwenda kusalimia wazee Busia au Homa Bay, kuliko na malaria nyingi, lala ndani ya neti.

Damu yangu ni O hasi. Kuna hatari?

Ipo, lakini inazuilika. Mtoto akiwa na damu chanya, kiasi kidogo cha damu yake kinaweza kuingia kwako wakati wa kujifungua, nawe ukatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni, dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida haathiriki. Anayefuata ndiye anayeweza kushambuliwa na kuishiwa damu. Sindano ya anti-D, karibu na wiki ya 28 ya mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya, huzuia hayo. Hata mimba ikitoka, mwambie daktari kundi lako la damu.

Kwa nini nachanjwa mimi pepopunda, na anayelindwa ni mtoto?

Kwa sababu mtoto huzaliwa na kinga ya kuazima. Kingamwili aina ya IgG hutoka kwenye damu yako, hupita kwenye kondo na kuingia kwake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati hupata pungufu, ndiyo maana huhitaji uangalizi zaidi. Ukichanjwa, unatengeneza kingamwili za pepopunda kisha unampa mwanao kabla wembe haujagusa kitovu. Kitovu chenyewe kisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe, hata aliyeshauri akiwa mtu mzima unayemheshimu.

Mama mkwe anataka nikamue maziwa ya kwanza ya manjano niyamwage.

Usiyamwage, mama. Hayo yana kingamwili nyingi aina ya IgA, ambazo hukaa kwenye utando wa koo na utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visishike. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kisha maziwa yako pekee hadi miezi 6, bila maji wala glukosi. Mkaribishe mama mkwe kliniki ayasikie kwa muuguzi. Wengi hurudi wakiwa watetezi wakubwa wa kunyonyesha.

Mtoto wangu hajaumwa hata siku moja. Nipande matatu asubuhi yote kumpeleka chanjo kwa nini?

Hilo ndilo swali ninalotamani kila mzazi alipatie jibu. Afya unayoiona ni mkopo unaokwisha. IgG uliyompa hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, na ifikapo miezi 6 imebaki kidogo sana. Dhidi ya kifaduro, mama wengi hawana kinga ya kutosha ya kugawia, na ugonjwa huo unaweza kumwua mtoto katika miezi ya kwanza. Kwa hiyo BCG, chanjo ya kifua kikuu, hudungwa anapozaliwa, na chanjo ya kifaduro, dondakoo, pepopunda na nyinginezo huanza wiki ya 6, zikirudiwa wiki ya 10 na ya 14. Hurudiwa kwa kuwa kinga changa haijifunzi vya kutosha kwa dozi moja.

Basi surua mbona inasubiri miezi 9?

Kingamwili zako za surua zikiwa bado nyingi kwa mtoto, huimaliza chanjo kabla mwili wake haujajifunza kitu. Dozi ya pili ni miezi 18.

Nina virusi vya Ukimwi. Mtoto akipimwa kwa kipimo cha haraka, majibu ni ya kweli?

Kipimo hicho hutafuta kingamwili, nazo zinaweza kuwa zako. Mtoto asiye na virusi huweza kuonyesha majibu chanya kabla ya miezi 18. Ndiyo sababu watoto wachanga hupimwa kwa PCR, inayotafuta virusi vyenyewe, na kipimo hurudiwa kadiri anavyokua. Endelea na ARV zako, dawa za kudhibiti virusi, kila siku, mpe mtoto dawa za kinga alizoandikiwa, na usiache kunyonyesha kwa hofu bila kuzungumza na muuguzi.