Kidonge cha damu na chai haviendi pamoja, tuelewane jamani

Nimechoka kusikia neno hili kliniki ya wajawazito: "Chai ya rangi haina neno, mbaya ni ile ya maziwa." Halafu damu ikipimwa iko chini, 8, na mtu anaapa wallahi dawa za damu, zile za madini ya chuma, anameza kila siku. Muulize anamezea nini sasa. Chai! Asubuhi mahamri, mbaazi za nazi, kidonge, na kikombe cha strungi, hiyo chai ya rangi, cha kushushia, eti roho isichafuke.

Sikiza mamangu. Ile tanini ya chai inayokukausha ulimi ndiyo inayodaka madini ya chuma tumboni, yakishadakwa hayaingii kwenye damu, yanatoka chooni tu. Na strungi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi ndio tanini imejaa, kwa hivyo kutoa maziwa hakujakusaidia kitu. Chuma inayoumia zaidi ni ya mimea, mbaazi hizo hizo, maharagwe, mchicha, kikombe kimoja pamoja na chakula chaweza kukata zaidi ya nusu ya ile ambayo ungepata. Ya nyama na samaki haiguswi sana, lakini bei ya nyama si twaijua.

Sijasema uache chai, nani ataacha chai Mombasa hii? Kidonge meza na maji, kikikuchafua roho meza usiku ukienda kulala, mbaazi zikamulie ndimu maana vitamini C yasaidia chuma kuingia, na chai ingoje saa moja au zaidi, mimi napenda watu waisukume mpaka alasiri kabisa. Na wewe unayemtowelezea mtoto mkate kwenye strungi, tumbo lajaa, damu haipati kitu, tafadhali.

Mengine haraka haraka. Chai ya kijani si mmea mwingine, ni Camellia sinensis ule ule, majani tu hayakuachwa yageuke rangi, na tanini pia inayo. Chai ya vumbi si takataka za kufagia, hapo mnadani mjini yauzwa kwa gredi zake, PD na D1, ni udogo wa chembe tu ndio maana yatoa rangi mara moja. Ati chai imejaa dawa za wadudu? Mashamba yetu yako milimani, mita 1500 kwenda juu, baridi, wadudu wachache, dawa hazipigwi sana. Ukitaka kulalamikia mazingira lalamikia kuni, viwanda vingi huko bara vinakausha majani kwa kuni.