Ukatili Katika Vitabu Teule: Wanayoamini Wazazi na Yaliyomo Kitabuni

Kila siku ya wazazi, kabla sijafungua daftari la alama, kuna anayeniuliza: "Mwalimu, mbona mnawasomesha watoto wetu mauaji?" Nafundisha fasihi ya Kiswahili shule ya upili. Swali lenyewe silichukii. Mzazi asiyejali mwanawe anasoma nini ndiye anayenitia wasiwasi. Kinachonichosha ni imani zinazoandamana nalo, zilezile mwaka nenda mwaka rudi.

"Kitabu chenye ukatili kinafunza ukatili"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Chukua *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, riwaya niliyolalamikiwa muda wote ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya. Ridhaa anafiwa na mkewe na watoto nyumba yake inapoteketezwa, na jirani yake ana mkono katika jambo hilo. Mabinti wa mhusika mwingine, Kaizari, wanabakwa. Ni kweli, yamo. Lakini mwandishi hampambi mtenda maovu. Anatusimamisha na Ridhaa kwenye gofu la nyumba, tuone kilichobaki. Kisha riwaya inasonga mbele: kambi ya wakimbizi, Mwangeka, mwana wa Ridhaa, na mkewe Apondi wakimlea msichana Umu, ndugu zake waliotawanyika wakikutana naye tena. Aliyeisoma hadi mwisho amekaa sana na walioumia, kidogo sana na waliowaumiza.

Tena Mkenya yeyote anatambua humo vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,000. Wanafunzi waliotahiniwa riwaya hiyo walikuwa wadogo mno wakati huo, na wengi nyumbani hawakuelezwa kitu. Darasani ndipo walipopata nafasi ya kuuliza.

Sasa mbona mzazi anaona damu tupu? Nikimuuliza amesoma nini, mara nyingi anatoa mwongozo, kile kijitabu cha kuchambua riwaya kwa ajili ya mtihani. Mwongozo huorodhesha maudhui: ukatili, ubakaji, mauaji, pamoja na mifano. Matukio yaliyotawanyika katika riwaya nzima yanarundikwa mahali pamoja, bila matanga, bila majuto, bila anayelia. Na wanafunzi wanakariri hivyohivyo, nukta kwa nukta. Hapo nakubaliana na mzazi kabisa: kukariri mateso ya watu ili upate alama kunamfanya mtoto ayazoee. Basi mnunulie riwaya yenyewe, na huo mwongozo uuweke mbali mpaka aimalize. Likizo ikifika, someni sura moja pamoja, umuulize: nani ameumia hapa, na mwandishi yuko upande wa nani? Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo mawili simhofii hata kidogo.

"Zamani tulisoma vitabu safi"

Zamani ipi? Katika hadithi za bibi, zimwi lilimeza watoto. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Fumo Liyongo anauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Tulilelewa na hadithi hizo.

"Walimu ndio wanaochagua vitabu hivi"

Hapana. Vitabu vya kiada hukaguliwa na kuidhinishwa na KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala, na riwaya ya KCSE ni moja kwa nchi nzima. Kunifokea mimi hakutabadilisha orodha.

"Mtoto akinyamaza, hajaguswa"

Hii hata walimu wenzangu wanaiamini, na inaumiza watoto. Yupo mwanafunzi ambaye nyumba yao iliungua kweli. Yupo msichana aliyetendewa yaleyale yaliyomo katika sura tunayosoma. Huyo hafai kuitwa asimame asome kifungu hicho kwa sauti mbele ya wenzake, lakini mimi nitajuaje kama hakuna aliyeniambia? Njoo faraghani, mama au baba, useme tu kwamba sura fulani itamgusa. Sihitaji maelezo zaidi. Kipindi hicho nitampa kazi nyingine, na sura hiyo ataisoma peke yake siku atakayokuwa tayari; kama ni lazima, nitaisoma naye pamoja na mshauri wa shule.

Jambo la mwisho ni la nyumbani kwenu. Riwaya ya kidato cha tatu imeandikiwa kijana wa kidato cha tatu. Mdogo wake wa darasa la nne akiiokota sebuleni na kusoma kurasa za ubakaji peke yake, hiyo si kazi ya mtaala. Ikae ndani ya mkoba wa mwenyewe.