Kabla hujamwita mwamuzi mbaguzi, mtafute Doctrove

Kuna kauli mbili nimezisikia msimu huu mpaka masikio yamechoka. Ya kwanza: Darrell Hair, mwamuzi wa kriketi kutoka Australia, alikuwa mbaguzi wa rangi, ndiyo maana aliwaonea Wapakistani. Ya pili: Hair alifanya kazi yake, akatolewa kafara na wakubwa wa kriketi kwa kuogopa kuitwa wabaguzi, eti usahihi wa kisiasa ndio uliommaliza. Kambi hizi mbili hazisalimiani, lakini zinaamini kitu kilekile, kwamba uamuzi mmoja unatosha kukuonyesha moyo wa mwamuzi. Mimi ni mwamuzi. Hautoshi. Na nikimsikia tena mtu anasimulia mechi ya uwanja wa The Oval, London, bila kumtaja Billy Doctrove, mwamuzi mwenzake Hair, nitavua kofia na koti niondoke uwanjani.

Tukumbushane. Agosti 2006, England na Pakistan, Testi (mechi ya siku tano ya mataifa) ya nne, siku ya nne. Waamuzi wanautazama mpira, wanaamua kwamba umeharibiwa makusudi na Wapakistani, wanaubadilisha na kuwapa England mikimbio 5, yaani pointi 5. Pakistan wanaendelea kucheza, kisha baada ya mapumziko ya chai nahodha Inzamam-ul-Haq na wenzake wanabaki chumbani. Waamuzi wanatoka, wanarudi, wanatoka tena, na mwisho wanaangusha vijiti vidogo vya juu. Mechi imekwisha, England wameshinda kwa sababu wapinzani wamegoma. Tangu Testi ya kwanza ya 1877 hilo halikuwahi kutokea.

Nimeandika waamuzi, kwa wingi. Doctrove, mtu mweusi kutoka Dominica, alikuwa uwanjani siku ile na mamlaka sawasawa na Hair. Wapenzi wa soka hutuletea picha yao ya refa na washika vibendera. Kwetu hakuna mshika kibendera. Wako wawili, wanabadilishana nafasi kila ova, yaani kila baada ya mipira sita, na suala la mpira ulioharibiwa ni la wote wawili kwa pamoja. Wanaomwita Hair mbaguzi humfuta Doctrove kwa sababu anawaharibia hadithi. Wanaolaumu usahihi wa kisiasa nao humfuta, kwa sababu shujaa wao hupendeza zaidi akiwa peke yake. Kichekesho ni kwamba aliyemkumbuka Doctrove kuliko wote ni Hair mwenyewe. Novemba 2006 ICC, baraza la kriketi la dunia, ilimwondoa kwenye mechi za mataifa makubwa, naye akaishtaki kwa ubaguzi wa rangi. Hoja yake: uamuzi ulikuwa wetu sote, mimi mzungu nimeadhibiwa, mwenzangu mweusi hakuguswa. Oktoba 2007 akaiondoa kesi. Kwa hiyo katika mkasa mmoja, shutuma ya ubaguzi ilirushwa kwenda na kurudi, na haikuthibitishwa upande wowote.

Ila Doctrove hakuandika barua pepe. Hair aliandika, siku chache baada ya mechi, akieleza kuwa yuko tayari kujiuzulu akilipwa dola 500,000. Ukishaandika hivyo, sioni haja ya mtu kutafuta njama za usahihi wa kisiasa kueleza kwa nini mwajiri wako amekosa imani nawe.

Sasa niingie kwenye kinachoniudhi hasa. Watu huchanganya mambo mawili ya siku ile kana kwamba ni moja. Refa wa ICC, yaani msimamizi wa nidhamu asiyeingia uwanjani, Ranjan Madugalle wa Sri Lanka, aliposikiliza shauri, alimwondolea Inzamam kosa la mpira, halafu akamfungia mechi 4 za siku moja kwa kuudhalilisha mchezo. Nasikia watu wakisema hukumu ile ilijipinga. Haikujipinga hata kidogo. Ushahidi wa mpira ulikuwa dhaifu. Hakuna picha ya televisheni iliyoonyesha mchezaji yeyote akiukwaruza. Lakini timu iliyoonewa haina ruhusa ya kugoma. Inacheza, kisha inalalamika. Unaweza kukosea kuhusu mpira na kuwa sahihi kuhusu mgomo, yote katika alasiri moja, tena bila kumchukia mtu yeyote.

Na kuhusu mpira wenyewe, niseme ambalo vitabu vyetu havilisemi. Vinatuambia tuukague mara kwa mara. Havituambii namna ya kutofautisha mkwaruzo wa ukucha na mkwaruzo wa ubao wa matangazo uliogongwa nje ya mpaka. Kuna siku naugeuzageuza mkononi nikiwa na sura ya mtu anayejua, na ndani yangu sijui. Sheria ya wakati ule haikumtaka mwamuzi amtaje aliyefanya kosa, ilimtaka aridhike tu. Pahala penye "kuridhika" ndipo sifa ya timu huingia kimyakimya. Kama kwa miaka umesikia kwamba timu fulani huchezea mpira, mkwaruzo uleule utausoma vingine. Je, huo ni ubaguzi wa rangi? Wakati mwingine naona ni jina lingine la kitu hicho hicho, wakati mwingine naona ni uvivu wa macho. Sijaamua.

Ndiyo maana siwacheki Wapakistani kwa hasira zao. Desemba 1987 huko Faisalabad, Pakistan, nahodha wa England Mike Gatting alimnyoshea kidole mwamuzi Mpakistani Shakoor Rana, wakatukanana mbele ya kamera, na siku nzima ya mchezo ikapotea hadi Gatting alipoandika radhi kwa mkono. Bodi ya England ikawalipa wachezaji wake pauni 1,000 kila mmoja kama pole ya ugumu wa ziara. Mtu anayekumbuka hayo akimwona Inzamam anafungiwa mechi 4, atauliza maswali. Mizani hazikushikwa na mkono mmoja, najua, ile ilikuwa bodi ya nchi na hii ni ICC. Lakini swali lake si la kipuuzi.

Siasa pia ilikuwepo, sikatai. Julai 2008 ICC iliyageuza matokeo ya The Oval kuwa sare, na Februari 2009 ikayarudisha kuwa ushindi wa England baada ya MCC, walinzi wa sheria za kriketi, kupinga. Mtu akitaka kulalamika kuhusu woga wa wakubwa, alalamike hapo. Tena kwa maoni yangu haukuwa woga wa kuitwa mbaguzi. Ulikuwa uzito wa kura na fedha mezani.

Sasa Murali, mrushaji wa Sri Lanka, maana kila ubishi huishia kwake. Melbourne, 26 Desemba 1995, Hair huyohuyo anamwitia Muttiah Muralitharan nobo (mipira haramu) 7 katika ova 3, kwamba anatupa, yaani ananyoosha kiwiko akiachia mpira, badala ya kurusha. Alifanya hivyo akiwa upande wa mrushaji, wakati kazi ya kutazama kiwiko kwa desturi ni ya mwamuzi wa pembeni. Murali akahamia upande mwingine, kwa Steve Dunne wa New Zealand, akaendelea kurusha bila kuitwa. Mkono uleule, siku ileile, waamuzi wawili weupe, majibu mawili. Nadharia ya rangi inamweleza Hair lakini haimwelezi Dunne.

Kambi ya pili hudai kwamba sheria ilipindwa ili kumwokoa Murali. Hapa subira yangu huisha kabisa. Kabla ya hapo warushaji wa kasi waliruhusiwa kunyoosha kiwiko nyuzi 10 na wa mzunguko nyuzi 5. Watafiti walipowapima kwa kamera za mwendo kasi mwaka 2004, ikaonekana kwamba karibu kila mrushaji hunyoosha kiwiko kidogo, hata warushaji mashuhuri Glenn McGrath na Shaun Pollock, ambao hakuna aliyewahi kuwanong'ona. Jicho la binadamu halioni chini ya nyuzi 15 hivi. Kwa hiyo mwaka 2005 kikomo kikawekwa 15 kwa wote. Sheria ya zamani isingemwondoa Murali peke yake. Ingewaondoa wanaume unaowapenda, ndugu msomaji. Kiwiko cha Murali kimepinda tangu kuzaliwa, hakinyooki, na kwa mbali macho hudanganyika. Alistaafu Testi 2010 na wiketi 800, yaani wapigaji 800 aliowatoa.

Mtu atasema, mbona wanaoitwa watupaji ni weusi na Waasia tu? Si kweli. Geoff Griffin wa Afrika Kusini, mzungu, aliitwa na mwamuzi uwanjani Lord's, London, 1960 katika mechi ileile aliyopata wiketi tatu mfululizo. Ian Meckiff wa Australia aliitwa mara 4 katika ova moja na Mwaustralia mwenzake Col Egar, Brisbane 1963, akastaafu. Basi wengine wakishasikia hivyo hufunga mjadala. Msifunge. Australia hiyohiyo warushaji wawili wa kasi Waaborijini, Jack Marsh mwanzoni mwa karne ya ishirini na Eddie Gilbert miaka ya 1930, waliandamwa na nobo za namna hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyecheza Testi. Gilbert alikuwa amemtoa Don Bradman, mpigaji mashuhuri kuliko wote, bila mkimbio. Nikiyaweka hayo yote pamoja, sipati "ndiyo" wala "hapana". Napata hofu kwamba mlango wa kutilia shaka ulikuwa mmoja kwa wote, lakini wengine walisukumwa kuupita mapema zaidi.

Mifano mingine nipite haraka. Sydney, Januari 2008: Steve Bucknor wa Jamaica anamnyima mrushaji wa India wiketi ya wazi ya Andrew Symonds wa Australia, ambaye anamaliza na mikimbio 162. India wanapandwa na ghadhabu, Bucknor anaondolewa kwenye Testi iliyofuata. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2015: nobo yenye utata inamwokoa Rohit Sharma wa India dhidi ya Bangladesh, na rais wa ICC, Mbangladeshi Mustafa Kamal, anadokeza kwamba waamuzi walikuwa na upande. Waamuzi wenyewe? Ian Gould, Mwingereza, na Aleem Dar, Mpakistani. Mpakistani aliyekula njama kuisaidia India! Ukifika hapo hata kucheka unashindwa.

Mnataka ushahidi wa upendeleo? Upo, ila hauonekani kwenye klipu ya sekunde kumi. Wachumi wa Uingereza walichambua Testi zaidi ya 1,000 za 1986 hadi 2012. Waamuzi wote wawili wakiwa wenyeji, wageni walitolewa kwa LBW (mguu kuzuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye vijiti) asilimia 16 zaidi ya wenyeji. Mmoja akiwa wa nje, asilimia 10. Wote wakiwa wa nje, tofauti ikatoweka, ingawa mashabiki jukwaani walikuwa walewale. Huo ni utaifa, si rangi, na haumwambii mtu yeyote kwamba mwamuzi fulani siku fulani alipendelea. Kuhusu rangi, tazameni nani anapewa koti la uamuzi. Novemba 2020 John Holder, mzaliwa wa Barbados aliyesimamia Testi 11, alisema hadharani kwamba orodha ya waamuzi wa daraja la kwanza England haikuongezewa mtu asiye mzungu tangu 1992. Hilo halikuvuma hata robo ya uvumi wa The Oval, labda kwa sababu halina mpira wa kurudia kwa polepole.

Jibu ninalopewa siku hizi ni kwamba rufaa za kamera zimemaliza haya yote. Zimesaidia kwenye LBW na mipira iliyogusa gongo. Lakini rudini juu mtazame. Faisalabad ilikuwa ugomvi kuhusu kumsogeza mchezaji wakati mrushaji akiwa mbioni. Melbourne, kiwiko. The Oval, hali ya mpira. Hakuna hata kimoja ambacho nahodha angeweza kukikatia rufaa kwa kamera, wakati ule wala leo. Na mwaka 2020, janga la korona lilipofunga safari, waamuzi wenyeji walirudi kwa muda kwenye Testi, na timu zikaongezewa rufaa moja kwa kila zamu. Mimi nawataka wenyeji, maana wengi ni wazuri kuliko wageni wanaoletwa. Siku mmoja wao atakapoushika mpira na kusema umeharibiwa, sijui nani atamwamini.