Kushuka na kushushwa: faranga 100 ni shilingi ngapi?

Ukifika Manyovu, mpakani mwetu na Burundi, utawakuta wabadilisha fedha wakiwa na mabunda ya noti yaliyofungwa kwa mpira na kikokotoo kilichofutika namba kwa kubonyezwa. Uliza faranga inakwendaje leo, utatajiwa bei mbili: ya kununua na ya kuuza. Tofauti ya hizo mbili ndiyo riziki yao. Bei hiyo ya faranga ndiyo inayoitwa kiwango cha kubadilisha fedha. Ni bei kama ya fungu la nyanya, ila kinachouzwa ni hela ya jirani.

Hapo hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye safari ya bei hiyo kwa miaka mingi, na huko ndiko watu wengi hapa Kigoma hukosea. Wanaona faranga imekuwa rahisi, wanasema shilingi yetu imepata nguvu. Mara nyingi si kweli.

Tuanzie zamani kidogo, kwa sababu fedha hizi mbili zina mama mmoja. Enzi za Mjerumani, Kigoma, Tabora na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja, na fedha ilikuwa rupia. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa kwa heller 100, na hapo ndipo tulipolipata neno letu “hela”. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imezuia meli kutoka Ulaya, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Mojawapo ni ya dhahabu, ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Vita ilipokwisha, Urundi ilibaki kwa Mbelgiji ikatumia faranga ya Kongo. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, ikapewa shilingi iliyofungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja. Muha na Mrundi, wanaoelewana kwa lugha bila mkalimani, wakaanza kuhitaji mtu wa kuwabadilishia hela.

Shilingi ya Tanzania yenyewe ilitoka Juni 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7.14. Upande wa pili, dola hiyohiyo ilikuwa faranga 87.5 za Burundi. Gawanya: shilingi moja ilipata faranga 12 na kidogo. Kwa hiyo faranga 100 zilikuwa kama shilingi 8.

Tazama nilivyopiga hesabu. Sikuuliza shilingi na faranga zinaonanaje. Nimepitia kwa dola. Fedha ndogo nyingi hupimwa hivyo, kila moja kwa dola kwanza, kisha zenyewe kwa zenyewe. Yaani faranga 100 zikibadilika bei kwa shilingi, unapaswa kuuliza nani kasogea: shilingi, faranga, au zote mbili.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolifafanua jambo hili vizuri sana. Fedha inaweza kushuka, na inaweza kushushwa. Kushushwa ni pale serikali au benki kuu inapoketi na kuandika bei mpya. Kushuka ni pale soko lenyewe linapoiteremsha, leo kidogo na kesho kidogo.

Shilingi ilishushwa waziwazi Juni 1986: kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40. Kabla ya hapo bei ya serikali ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Madukani hakukuwa na sabuni wala sukari, dola za benki hazikupatikana, na mtaani hela ilikuwa na bei yake nyingine. Ukikutana na takwimu ya miaka ile inayoonyesha shilingi ina nguvu, kumbuka kwamba kwa bei hiyo mwananchi wa kawaida hakuuziwa kitu. Baada ya kushushwa, faranga 100 ziliruka kutoka karibu shilingi 15 hadi karibu 35. Mwaka 1992 sheria mpya iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na 1994 mabenki yakaanza kuuziana dola sokoni. Mwaka huo dola ilikuwa kama shilingi 500 huku, na kama faranga 250 Burundi. Faranga 100 zikawa shilingi 200.

Kisha mkondo ukageuka. Burundi ilipita kwenye vita vya miaka mingi, halafu mgogoro wa 2015. Nchi inayotegemea kahawa, chai na madini haikupata dola za kutosha, na bei ya benki ikaachana kabisa na ya mtaani. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ikaishusha faranga, kutoka kama 2,100 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa bei ya benki, faranga 100 zilikuwa chini ya shilingi 90.

Mama yangu mkubwa, aliyeuza dagaa wakavu kwa wateja wa Burundi kwa miaka mingi, hakushtuka tangazo lile lilipotoka. Bei ya Manyovu ilikuwa imelitangulia zamani. Yeye alikwishaacha kukopesha kwa faranga, maana ukilipwa baada ya miezi miwili, noti ni zilezile lakini gunia la dagaa hazirudishi.

Sasa rudi kwa wale wanaofurahia. Kutoka shilingi 200 hadi chini ya 90, shilingi imepanda? Katika muda huohuo dola ilitoka shilingi 500 hadi kama 2,500. Shilingi imeshuka mno. Faranga imeshuka zaidi, basi. Watu wawili wakiteremka mlima, aliye nyuma huonekana yuko juu.

Ndiyo maana mbadilisha fedha mzoefu pale mpakani, kabla hajakutajia bei ya asubuhi, hupiga simu Bujumbura. Swali lake la kwanza huwa: dola imeamkaje?