Shali ya hudhurungi haikutiwa rangi

Ukijitanda shali ya sufu ya hudhurungi barazani hapa Unguja, hutamkosa wa kukwambia: "Hiyo usiiroweke, itachuja." Tumezoea kuamini kuwa sufu ya kondoo ni nyeupe tu, nyingine zote zimetiwa rangi. Si ajabu; kondoo wetu wengi wana nywele fupi, sufu ya kufumia hatuioni.

Kondoo wa asili wa Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, huwa weupe, weusi, wa kijivu na wa hudhurungi. Rangi hiyo ni melanini, kama ya nywele zetu, nayo imo ndani ya unywele wenyewe. Maji hayaitoi. Jua ndilo huipausha, hasa kwenye ncha. Viwanda ndivyo vilivyopendelea sufu nyeupe, maana hupokea rangi yoyote.

Mfumaji huweza kuanza na hudhurungi iliyokolea katikati, akaipunguza duru kwa duru mpaka pindo jeupe, bila kugusa sufuria ya rangi.

Ukishuku kama uzi ni sufu kweli, choma kipande kidogo. Sufu hunuka nywele zilizoungua, ikabaki jivu la kusagika vidoleni. Uzi wa plastiki, ambao nao madukani tunauita sufu, huyeyuka ukawa kidonge kigumu.