Je, wajua kwa nini wenye kiu ya Mungu huhesabu?

Anayemkumbuka mpenzi wake hatunzi hesabu ya mara alizomtaja. Basi mbona dini nyingi zenye ibada ya kulirudiarudia jina la Mungu zimejikuta na uzi wa shanga mkononi?

Jibu liko kwenye kidole gumba. Akili ikipewa kazi ya kuhesabu, ikifika kumi na saba imeshaliacha Jina na kushika namba. Uzi unaipokonya kazi hiyo: kidole kinasogeza, ulimi unataja, na moyo haubaki na shughuli ila kutamani.

Mwislamu akishatoa salamu ya swala husema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 33, kisha hutimiza 100 kwa La ilaha illallah. Ndiyo sababu tasbihi kubwa ina punje 99, na ndogo ina 33 za kuzungushwa mara tatu. Asiye nayo huhesabu kwa pingili: 3 kila kidole, 15 mkono mmoja, mizunguko miwili na 3 za kumalizia. Wapo wanaoona hivyo ndivyo bora, kwa kuwa Mtume alihesabu kwa vidole.

Rozari ya Wakatoliki ina chembe 59: Salamu Maria 53 na Baba Yetu 6. Makumi yake ni matano, kila moja likiwa na tendo, yaani tukio la maisha ya Yesu au Maria, la kutafakari. Matendo ya furaha, uchungu na utukufu yakisaliwa yote, Salamu Maria za makumi hufika 150, idadi ya Zaburi. Wasiojua kusoma walipata hapo zaburi yao. (Matendo ya mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, hesabu hiyo nzuri ikavurugika.)

Mala, uzi wa shanga wa Wahindu, ina shanga 108. Huvutwa kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada kikiwekwa kando. Ukifika kwenye shanga kubwa, meru, huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Waorthodoksi kwa kawaida hawatumii shanga bali mafundo ya sufu, mara nyingi 100, yasiyotoa sauti. Kila fundo: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.

Kinachoharibu uradi, yaani huko kulirudiarudia Jina, popote ni mbio. Subhanallah hutafunwa hadi ikabaki mluzi tu, na rozari ya dakika 15 hadi 20 humalizwa kwa tano. Dawa ni pumzi: taja moja kwa kila pumzi, na kidole kisisogee kabla neno halijaisha. Ukigundua mawazo yametoroka, usianze upya, maana kuanza upya huzaa wasiwasi na hesabu hurudi kuwa bwana. Baki kwenye punje hiyohiyo, taja tena taratibu, uendelee. Na usijipangie elfu siku ya kwanza. Anayevuta 33 kila siku hufika mbali kuliko wa elfu moja za Ijumaa, anayechoka Jumapili.

Walimu wa Kiorthodoksi husema sala hushuka kutoka midomoni hadi akilini, kisha moyoni. Ikifika huko, mafundo yanaweza kubaki mkononi bila kusogezwa hata moja.